Gitaa Lililozeeshwa: Je, Kovu la Kutengenezwa ni Uongo?



Wiki mbili zilizopita kamati ya muziki ilikaa kuangalia gitaa la besi ambalo ndugu mmoja wa hapa kanisani anataka kutuuzia. Ni la mtumba, na lina sura ya yale magitaa ya zamani. Rangi yake ni nyeusi pembeni na inafifia kuwa ya manjano katikati, plastiki yake imegeuka kama chai ya maziwa, na pale mpigaji anapoegemeza mkono rangi imetoka mpaka mbao inaonekana. Mzee mmoja akaliangalia kwa huruma, akasema, "Kijana wangu, hili limeteseka." Kijana wetu wa besi akacheka. "Hapana, mzee, halijateseka. Lilitoka kiwandani hivyo hivyo. Ni staili." Mzee akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Yaani kuna mtu analipwa kuharibu kitu kipya ili kionekane kizee? Huo si uongo?"

Watu walicheka na kikao kikaendelea. Lakini mimi, ambaye hupewa kazi ya kukagua vyombo kabla kanisa halijatoa pesa, swali hilo limekataa kuniacha. Mzee aliuliza jambo kubwa kuliko gitaa. Uongo ni maneno ya mdomo tu, ama hata kitu kinaweza kudanganya? Muuzaji akinyamaza tu, bila kusema neno la uongo, amekosa? Na sisi wanunuzi tuna deni gani kwake? Sisi sote ni watu wa kuuza na kununua. Leo ni simu, kesho ni gari, keshokutwa ni ploti. Kwa hivyo hebu tulitembee swali hili polepole.

MAKOVU YALITOKA WAPI?

Zamani besi ilikuwa lile dude kubwa la mbao linalopigwa mtu akiwa amesimama, mfano wa fidla ya jitu. Halikuwa na freti, yale mapande membamba ya chuma yanayokatiza shingo, kwa hivyo kidole kilitafuta noti chenyewe, na kikikosa kidogo tu, kila mtu alisikia. Mwaka 1951 fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California, aliyeitwa Leo Fender, akaanza kuuza besi ndogo ya umeme yenye freti. Akaiita Precision Bass, yaani besi ya usahihi, maana freti ndizo zinazoonyesha kidole mahali pa kusimama. Mwaka 1960 akatoa ya pili, Jazz Bass. Mpaka leo besi nyingi unazoona makanisani, hata za bei rahisi, zimefuata umbo la mojawapo ya hizo mbili.

Magitaa ya miaka ile yalipakwa vanishi nyembamba. Jasho la mkono, msuguano wa mkanda na kugongwa huku na kule viliikwangua kidogo kidogo. Mtu aliyepiga kila usiku kwa miaka kumi alibaki na gitaa lenye ramani ya maisha yake.

Mmoja wao alikuwa James Jamerson wa Detroit, Marekani, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi sana za kampuni ya Motown. Gitaa lake lilikuwa Precision ya mwaka 1962, na anajulikana kwa kutobadilisha nyuzi zake mpaka ukatike mmoja. Liliibwa muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1983. Vizazi vya wapigaji vimeisikiliza sauti ile na kuitamani, na pamoja na sauti wakatamani hata sura ya chombo kilichoitoa.

Basi bei za magitaa ya zamani zikapanda. Mwaka 1982 Fender wenyewe wakaanza kutengeneza upya miundo yao ya zamani. Mwaka 1995 wakaenda hatua nyingine: wakaanza kuuza magitaa mapya yaliyochakazwa kwa mikono ya mafundi, wakayaita Relic. Fundi anakwangua rangi, anafanya chuma kishike kutu kidogo, anapunguza mng'aro wa shingo. Hapo ndipo swali la mzee wetu linapoingia.

KITU HAKISEMI UONGO, MTU NDIYE HUSEMA

Jibu langu la kwanza ni hili. Kuchakaza gitaa, peke yake, si uongo. Kwa uongo lazima kuwe na mtu anayevutwa aamini jambo lisilo kweli. Kiwanda kinachoandika wazi kwamba gitaa hili ni jipya na limezeeshwa hakimvuti mtu kuamini lolote baya. Angalia vijana wetu na jinzi zao zilizotobolewa magotini. Hakuna mtu anayemwona dada na jinzi hiyo akasema, "Pole, ulianguka kwenye miiba?" Tunajua ni mtindo. Unaweza usiupende, lakini huwezi kusema umedanganywa.

Lakini gitaa lile lile likipita mikono miwili mitatu, mambo hubadilika. Muuzaji wa tatu anaweza kusema, "Hili ni la mwaka 1962, mjomba wangu alikuja nalo kutoka ng'ambo." Makovu ni yale yale na mbao ni ile ile. Kilichobadilika ni mdomo, na sasa kovu limefanywa shahidi wa uongo. Wengine huchukua gitaa la bei ya chini na kubandika jina la kampuni kubwa kichwani pake. Hiyo sio staili tena, huo ni wizi wenye herufi nzuri.

Biblia ina kisa kinachofanana na hiki kabisa, na nashangaa hatukihubiri mara nyingi. Fungua Yoshua 9. Watu wa Gibeoni walikuwa majirani wa Israeli, lakini walitaka agano la amani kana kwamba wametoka nchi ya mbali. Kwa hivyo wakaja na magunia makuukuu, viriba vilivyoraruka na kushonwa, viatu vyenye viraka, na mkate uliokauka na kuingia ukungu. Wakazeesha safari yao.

Sasa angalia jambo moja. Viatu vile vilikuwa vizee kweli. Mkate ule ulikuwa na ukungu kweli. Ungepeleka kila kitu kwa fundi akague, angekwambia hakuna cha bandia hapo. Uongo haukuwa kwenye viatu, ulikuwa kwenye barabara waliyosema viatu vimepita. Kumbe hata kovu la kweli linaweza kutumiwa kudanganya. Israeli walikagua mkate, wakaridhika na macho yao, wasimwulize Bwana. Baada ya siku tatu wakajua ukweli. Lakini kiapo kilikuwa kimetoka, na viongozi wakakiheshimu. Baadaye sana, katika 2 Samweli 21, nchi inapigwa na njaa ya miaka mitatu kwa sababu Sauli aliwaua Wagibeoni. Udanganyifu wa siku moja uliacha deni lililolipwa na watu ambao hata hawakuwepo siku ile.

Na hapa niseme neno kwetu sisi tunaopenda shuhuda. Tunajua kwamba ushuhuda wenye makovu mengi ndio hupata makofi mengi. Ndiyo maana kuna ndugu aliyelelewa vizuri, akaokoka akiwa darasa la saba, lakini akishika maikrofoni anaongeza bunduki na pombe ambazo hazikuwepo. Anazeesha safari yake ili neema ionekane kubwa. Mpendwa, neema iliyokulinda usianguke sio ndogo kuliko ile iliyomwinua aliyeanguka. Usichukue msasa ukajikwangua rangi ili tukuamini.

MUUZAJI AKINYAMAZA JE?

Sasa tuje kwa swali gumu zaidi. Makovu ya nje yanaonekana. Hata mtoto wa Sunday School anaona rangi imetoka, na rangi iliyotoka haizuii gitaa kupiga. Ugonjwa wa gitaa hukaa mahali pengine, na mara nyingi hauonekani.

Nyuzi nne za besi zikikazwa zinavuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60, mchana na usiku, hata gitaa likiwa limelala kwenye mfuko wake. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu kinachokazwa kwa spana ndogo ili kupingana na mvuto huo. Chuma hicho kikikwama au kikifika mwisho wa kukazwa, shingo huanza kupinda kama upinde. Nyuzi zinapaa juu, vidole vinaumia, na noti za chini kwenye shingo zinapoteza usawa. Mara nyingine dawa ni shingo mpya, na hiyo inaweza kula sehemu kubwa ya bei uliyonunulia. Kuna freti zilizolika mpaka zikawa na mifereji chini ya nyuzi. Kuna funguo za kukazia ambazo hazishiki, kwa hivyo wimbo wa pili unaanza ukiwa umeshuka. Kuna ufa mwembamba karibu na kichwa, uliogundishwa na kupakwa rangi juu. Na kuna magonjwa madogo ambayo hayafai kuvunja bei: kifundo cha sauti kinachokwaruza kinaweza kupona kwa kusafishwa tu, na tundu la waya lililolegea ni kazi ya lehemu ya dakika kumi.

Je, muuzaji anayejua chuma kimekwama lazima aseme, hata kama hajaulizwa?

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi aitwaye Cicero aliandika kitabu juu ya wajibu, akawaonyesha wanafalsafa wawili wakibishana, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mfano wao mmoja ni mtu anayeuza nyumba yenye kasoro ambazo yeye peke yake anazijua. Diogenes anasema kutosema si sawa na kuficha. Hakuna aliyelazimishwa kununua, na muuzaji hawezi kuwa mtangazaji wa ubaya wa mali yake. Antipater anasema hapana, kumwacha mwenzako aingie kwenye hasara huku unamtazama ni kama kumwona amepotea njia ukakataa kumwonyesha. Cicero mwenyewe akaamua upande wa kusema. Kunyamaza kwenyewe hakumsumbui sana. Kinachomsumbua ni kunyamaza kwa ajili ya faida yako, ukitaka anayepaswa kujua asijue.

Karne 13 baadaye Thomas wa Aquino akaongeza jambo la maana. Kasoro inayoonekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuipigia kelele, mradi bei iwe imeshuka inavyostahili. Lakini kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima aiseme.

Hata sheria yetu ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, inatofautisha. Mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo anabanwa kuhakikisha ziko katika hali ya kufaa kuuzwa, isipokuwa kasoro ambazo mnunuzi aliyekagua alipaswa kuziona. Lakini kwa mtu binafsi anayeuza kitu chake cha nyumbani, sheria kwa kawaida humwachia mnunuzi kazi ya kufungua macho. Kwa hivyo kuna mambo unaweza kufanya na askari asikushike. Hapo ndipo dhamiri inaanza kazi, pale sheria imeishia.

Nimepima hoja ya Diogenes, na sitaki kuidharau. Muuzaji hana deni la kusema kila kitu. Si lazima uniambie ulilinunua kwa ngapi, wala kwamba umechoka nalo, wala kwamba mkeo hapendi kelele. Lakini kuna mambo matatu yakikutana, kunyamaza kunakuwa uongo: unalijua jambo, mnunuzi hawezi kuliona, na unajua kabisa kwamba akilijua atabadilisha nia au bei. Kwa nini uongo? Kwa sababu bei uliyoitaja ni maneno. Ukisema elfu thelathini na tano, umesema, "Hili ni gitaa la elfu thelathini na tano." Umeacha bei iseme kwa niaba yako jambo ambalo wewe unajua si kweli.

"LAKINI MTU AKIWA NA SHIDA?"

Najua kuna anayesoma hapa na kuguna. Mtu anadaiwa karo, mtoto amerudishwa nyumbani, na gitaa ndilo la pekee linaloweza kuuzwa. Akisema chuma kimekwama, bei inaanguka na mtoto anabaki nyumbani. Hilo sio jambo la kuchezea, na sitampa mtu huyo mahubiri makavu.

Namwambia hivi tu. Shida yako ni ya kweli, lakini ukificha hujaiondoa, umeihamisha. Kuna kijana aliyeweka akiba ya mwaka mzima kwa kazi ya mjengo ili anunue besi. Shida yako sasa iko kwake, na yeye hakuulizwa kama anaweza kuibeba. Kama mzigo ni mzito, tuite, tuubebe pamoja. Ndiyo maana tukaitwa kanisa. Usiuweke gizani kwenye mgongo wa mtu asiyejua.

Na hapa lazima nigeuke niangalie upande wetu, upande wa mnunuzi. Ndugu anayetuuzia gitaa lile hakungoja kuulizwa. Alituambia mwenyewe kwamba chuma cha shingo kimefika mwisho na hakikazi tena. Nilikagua nikakuta ni kweli. Unajua kilichofuata? Mmoja wetu akasema, "Basi tumpe nusu bei, na hata hiyo ni nyingi, hii ni kazi ya Mungu."

Sikukubali, na nataka mjue sababu. Kupunguza gharama ya kutengeneza shingo ni haki. Lakini kuchukua ukweli wa mtu na kuufanya rungu la kumpigia ni kumfundisha kwamba wakati mwingine anyamaze. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya muuzaji, halafu akienda zake anajisifu. Huyo pia ni mwongo, tena wa kawaida sana kwetu; tunaita uhodari wa kupatana bei. Na kulitaja jina la Mungu ili kumbana muuzaji mnyonge ni mzani wa pili ndani ya mfuko, ule uliokatazwa katika Kumbukumbu la Torati 25. Tulikubaliana kutoa gharama ya fundi peke yake, basi.

Kanuni ile ya mambo matatu inakata pande zote mbili. Chukua mfano wa mjane anayeuza besi ya marehemu mumewe. Yeye anaona kitu kizee kilichokwanguka. Wewe mwanamuziki unaona namba na muundo, unajua ni la zamani kweli na lina thamani mara nyingi ya anachoomba. Unajua, yeye haoni, na akijua angebadilisha bei. Utasema elimu yako nayo ina thamani, na uliitafuta kwa jasho. Ni kweli. Basi iuze waziwazi: "Mama, hili ni la bei. Niruhusu nikutafutie mnunuzi, unikatie kitu kidogo." Hapo elimu yako imelipwa na mjane hajaibiwa.

TUFANYE NINI WIKI HII?

Kama unanunua besi, usiishie kwenye rangi. Itazame shingo kwa urefu, kama fundi anavyotazama ubao. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Katikati iwepo nafasi ndogo sana, sio ya kupitisha kidole. Omba spana ujue kama chuma kinazunguka. Piga kila noti kwa kila uzi, hata kama watu wanangoja. Halafu muulize muuzaji kwa upole, "Ndugu, kuna kitu ambacho ungetaka kujua kama ungekuwa mimi?" Swali hilo humpa mtu mwaminifu nafasi ya kuwa mwaminifu.

Kama unauza, chukua karatasi kabla hujataja bei. Upande mmoja andika yanayoonekana, upande wa pili andika unayoyajua wewe peke yako. Upande wa kwanza mnunuzi atajisomea mwenyewe. Upande wa pili ni deni lako kwake, na ulilipe kabla hujapokea M-Pesa yake.

Makovu hayana hatia. Yawe yaliletwa na miaka ama yaliletwa na msasa, yanangoja tu kusikia sisi tutasema yalitoka wapi. Tuseme kweli.